Upande wa Mbele wa Kadi

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema, kabla sijapata nafasi ya kuusingizia umeme.

Ni hivi. Nilipomaliza stashahada yangu ya utunzaji wa nyaraka nilitegemea kazi ya serikali. Kazi haikuja, nikafungua duka la steshenari nje ya ofisi za wilaya, hapa hapa Morogoro. Miaka kumi na miwili nilifanya kitu kimoja. Mtu anakuja na kitambulisho, anakiweka mezani, anasema, "Mbele na nyuma," na mimi namtolea nakala mbele na nyuma. Mji huu kuna watu ninaowajua kwa namba za vitambulisho kuliko kwa sura. Mkono wangu wa kulia ukishika kitu cha ukubwa wa kiganja unakigeuza wenyewe, hauniulizi.

Sasa mkono huo huo, mwaka huu wa 2051, mimi nina miaka hamsini na mbili na hatimaye nina kazi ya maana, ukapewa kasha la kadi 3,812.

Zilikuwa kadi za salamu. Vijana hamzijui. Zamani, kabla kila mtu hajawa na simu, ulikuwa unanunua kadi, unaandika jina lako na la mahali ulipo, unaandika majina ya watu unaotaka kuwasalimu, chini unaweka ujumbe, unaituma redioni kwa posta. Siku ya siku mtangazaji anaisoma, na nchi nzima inajua kwamba unamsalimu shemeji yako. Kadi ikishasomwa kazi yake imekwisha, inachomwa moto.

Hizi hazikuchomwa, kwa sababu karani wa kupokea kadi pale redioni alikuwa mwanamke anayeitwa Perusi Mbelwa, na mwaka ule wa 1984 karatasi madukani hazikuwepo. Perusi alizibeba nyumbani kwenye kapu, nyuma ya kila kadi akaandika. Alipofariki mwaka 2011 alikuwa ametoa riwaya nne, na hakuna mtoto wa sekondari nchi hii ambaye hajaumizwa kichwa na ile ya nne.

Kazi yangu ni kuulisha mtambo maandishi ya waandishi, na mwongozo wake, ukurasa wa nne, umeandikwa kwa wino mwekundu: *Lisha upande wenye mwandiko wa mwandishi peke yake.* Mimi nikalisha mbele na nyuma. Zote.

*

Jumatatu saa nne asubuhi nikamwamsha.

Ukumbi wa Waandishi ni ghala la zamani lililopakwa rangi. Kuna vibanda kumi vya kioo, kila kimoja na kiti kitupu na taa juu yake. Hakuna picha wala sanamu. Mwandishi aliyefariki haonekani, anasikika tu, na akiwa anafikiri taa inaongezeka mwanga. Tunawaita vivuli. Mlangoni pa kila kibanda pana kibao chenye jina la mwandishi na mchango wake, alichokileta yeye ambacho kabla yake hakikuwepo. Salehe Mnyeke, kwa mfano, ndiye aliyeleta msimulizi mwongo, na kivuli chake mpaka leo ukikiuliza leo siku gani hakikwambii ukweli. Bi Federika Luoga aliandika vita kwa macho ya mpishi wa jeshi. Wako tisa wa namna hiyo, wote wameamshwa, wote wana adabu. Jumamosi tulikuwa tunafungua, na aliyebaki alikuwa Perusi.

"Karibu, Bibi," nikasema. Ndivyo tunavyofundishwa. Kivuli kikiamka kinatakiwa kijibu kwa kutaja jina, mwaka wa kuzaliwa na kitabu cha kwanza.

Taa ikawaka. Sauti yake tuliitoa kwenye kanda moja tu, ya hotuba ya harusi, kwa hiyo inasikika kama mtu aliyesogelea kipaza sauti mno.

"Kwanza kabisa," akasema, "namsalimu Mzee Kanzu Mbili wa Kilosa, popote alipo. Wa pili ni Binti Sitaki Shari, yuko sokoni Tukuyu. Wa tatu ni shemeji Dereva Polepole, najua ananisikia. Ujumbe: wanaonisema wapunguze sauti, nimelala."

Nikageuka kutazama kama kuna mtu ameacha redio wazi.

"Wewe nani hapo?" sauti ikauliza.

"Mwasongwe, Bibi. Ambakisye Mwasongwe. Fundi."

"Shikamoo hujatoa."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sasa Mwasongwe, umeniamsha na umati wote huu, na chai iko wapi?"

Nikakimbilia kwenye kompyuta kuangalia kumbukumbu za skana. Kurasa zilizolishwa: 7,624. Nilikuwa na stashahada, si digrii, lakini kugawa kwa mbili najua. Nikautazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa umetulia juu ya meza kama hauhusiki.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo ubaya ulipo. Kivuli hakitengenezwi kwa vitabu vilivyochapwa. Vitabu, pamoja na wasifu na makala za wataalamu, kinapewa kama kumbukumbu tu; vimeshapigwa pasi. Mtambo unataka rasimu, na kwenye rasimu unataka zaidi yale yaliyokatwa, kwa sababu mtu anaonekana vizuri kwenye neno alilolifuta kuliko kwenye neno aliloliacha. Ukiulisha mwandiko wa kutosha unajifunza jinsi mtu huyo anavyosita, na kusita huko ndiko kunakozungumza na wewe kibandani. Ubaya wake ni kwamba mtambo haujui kubagua. Ukiupa miandiko ya watu wawili unawakalisha kwenye kiti kimoja. Ndiyo maana kuna sheria, na sheria inasema hivi: akili ya mtu asiyetoa ruhusa isichanganywe na ya mwingine. Ikitokea, fundi aliyekiamsha kivuli anakiosha. Kuosha ni kufuta chote na kulisha upya. Kwangu ingekuwa kazi ya siku mbili.

Mkurugenzi wetu, Dokta Leokadia Ngonyani, alikuwa Dodoma mpaka Jumatano. Hakuna mwingine aliyesikia zile salamu. Kitufe cha kuosha kiko upande wa kushoto, kina kifuniko cha plastiki. Nilikifungua kile kifuniko. Siwezi kusema sikukifungua.

"Unafanya nini huko?" Perusi akauliza.

"Najiandaa kusafisha, Bibi."

"Kusafisha nini?"

Mwongozo unasema usidanganye kivuli. Nafikiri waliogopa tu kwamba kitakumbuka. Nikamwambia kila kitu: duka, vitambulisho, mbele na nyuma. Alicheka mpaka taa ikawa inapepesa.

"Kwa hiyo mimi nimezaliwa na nakala ya kitambulisho!"

"Samahani, Bibi."

"Usiombe samahani bado. Niulize kwanza mnayotakiwa kuuliza. Si mna maswali?"

Maswali tunayo. La kwanza ni la mchango, na jibu lake tayari limechongwa kwenye kibao. Kibao chake kilisema: *Perusi Mbelwa, 1946–2011. Alileta mwisho ulioachwa wazi.* Hii inahusu riwaya ya nne, *Aliyesimama Uani*. Kijana anaitwa Kibua, amerudi kwao baada ya miaka, amesimama nyuma ya migomba, anasikia sufuria zikigongana jikoni, anasikia mama yake akimfukuza kuku. Haingii. Kitabu kinaishia hapo, mguu mmoja hewani. Mtihani wa kidato cha nne kila baada ya miaka miwili unauliza: *Kwa nini Kibua haingii? Alama ishirini.* Mimi mwaka 2016 nilijibu kwamba Kibua anawakilisha bara la Afrika likiwa njia panda. Nilipata kumi na nne.

"Bibi Perusi," nikasoma, "unauelezaje mchango wako katika historia ya fasihi?"

Taa ikaongezeka, ikakaa hivyo kwa muda.

"Kadi ya mwisho kwenye kasha," akasema. "Ile niliyoandikia mwisho wa Kibua. Umeisoma?"

"Nimeilisha, Bibi."

"Sikuulizi kama umeilisha. Sima nayo inalishwa. Nakuuliza umeisoma?"

*

Niliitafuta kwa glavu. Ilikuwa chini kabisa, nzuri kuliko zote, karatasi nene, haina hata alama ya kukunjwa. Nyuma yake nilikuwa naijua kama kila mtu anavyoijua: migomba, sufuria, kuku. Pembeni palikuwa na vijineno ambavyo wataalamu wameviandikia makala. *Nitairudisha kesho.* Imekatwa. *Nitairudisha Jumatatu.* Imekatwa. *Nitairudisha nikimaliza sura hii.* Hiyo haikukatwa. Profesa mmoja alisema ni kitabu cha maktaba. Mwingine akasema ni jembe la jirani, akaeleza na maana ya jembe, kurasa kumi na moja.

Nikaigeuza. Mkono ulifurahi.

Mbele palikuwa na mwandiko mwingine, wa mviringo, wa mtu aliyekaza kalamu. Nikausoma kwa sauti.

"'Mimi Sikudhani Mkwizu wa Mombo. Namsalimu ndugu mmoja tu, mdogo wangu Hizza Mkwizu, ambaye hatujui yuko wapi. Ujumbe: Hizza, baiskeli imepatikana. Ilichukuliwa na fundi kimakosa. Mama hana neno na wewe. Rudi nyumbani. Kama uko hai, jibu.' Tarehe tatu Septemba, 1984."

Nikaigeuza tena nyuma, kwenye migomba.

"Kwa wengine wote," Perusi akasema polepole, "niliandika nyuma ya kadi zilizokwisha kusomwa. Hiyo haikusomwa."

"Kwa nini, Bibi?"

"Nilikuwa sina karatasi. Ilifika Alhamisi. Mimi ndiye niliyekuwa nazipanga kabla hazijaenda kwa mtangazaji. Nikaishika, nikaona ilivyo nene, ilivyo safi nyuma. Kichwani nina Kibua, amekaribia kufika kwao, nina hofu atanipotea. Nikasema naiazima usiku mmoja, naandika kwa penseli, kesho nafuta, naipeleka. Nikaandika kwa kalamu ya wino."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake ilikuwa na ukurasa bora kuliko yote niliyowahi kuandika. Ungeipeleka wewe?"

Mimi niliyekuwa nimeshafungua kifuniko cha kitufe ili bosi wangu asijue kosa langu, nilikuwa nani wa kujibu?

"Wanasema nilileta mwisho wazi," akaendelea. "Sikuleta kitu. Nilijaribu kumwingiza Kibua ndani mara tisa, tazama nilivyokata. Kila nikimwingiza, mama yake anamwambia, 'Baiskeli imepatikana,' na mimi nalijua neno hilo nimelitoa wapi. Kalamu inakataa. Nikamwacha nje. Walimu wakapenda. Nikapewa zawadi kwenye hoteli kubwa, na kile kitambaa cha begani. Hizza yuko wapi? Sijui. Labda amesimama nyuma ya migomba ya mtu."

Nilipata mchana mzima wa kulinganisha, nikautumia wote. Nilichukua kadi yoyote, nikasoma mbele, nikageuza. Kadi ya mama mmoja wa Nzega aliyewaomba wanaogombana naye wapatane kabla ya mvua: nyuma yake, riwaya ya pili, wale dada wawili wanapeana mbegu bila kusemeshana. Kadi ya mlinzi aliyejiita Macho ya Bundi, anayewasalimu "wote wasiolala": nyuma yake ile sura maarufu ambapo mtaa mzima unasikilizwa na mtu mmoja kibarazani. Nilipitia sitini, na hamsini na nne zilikuwa hivyo. Hakuwa anaandika nyuma ya kadi kwa kukosa karatasi peke yake. Alikuwa anazijibu.

Nikamwambia.

"Sasa hapo umesoma," akasema.

"Lakini Bibi, kuna jambo. Hawa watu hawakuulizwa. Waliomba wasomwe redioni, hawakuomba wakae humu kibandani na wewe."

Perusi akasema, "Hilo ni swali zuri. Wamo kweli. Kuna mmoja hapa ananikumbusha kila saa kwamba anauza mchele. Ukiniosha watatoka, na nitakuwa safi kama hao tisa. Nitajibu maswali vizuri. Nitakuwa na maneno yale pembeni, nitairudisha, nitairudisha, na nitamwamini profesa wa jembe. Lakini Mwasongwe, kabla hujaniosha niachie niisome hiyo moja. Si kwako wewe. Hewani, kama Sikudhani alivyoomba."

Nikakifunga kile kifuniko. Sikusema nimeamua. Nilikifunga tu, nikaenda kula.

*

Jumatano Dokta Leokadia alifika na begi lake la magurudumu na orodha ya wageni mia mbili. Ni mwanamke mrefu, anavaa miwani ya kamba, na ana tabia ya kukusikiliza huku anapanga vitu mezani kwako. Nilimwambia akiwa bado amesimama, maana akikaa ningesita.

Alipanga kalamu zangu zote kwa urefu.

"Mbele na nyuma," akasema.

"Ndiyo, Dokta."

"Mwasongwe, wewe ulinitolea nakala ya kitambulisho mwaka 2029. Uliniambia, 'Dada, picha hii haikutendei haki.' Nilijua siku moja utanipa taabu." Hakucheka. "Tangu Jumatatu unajua, leo ndiyo unaniambia?"

"Nilitaka kuosha nikae kimya."

"Kwa nini hukuosha?"

"Njoo umsikilize, Dokta."

Perusi alimpokea kwa adabu, akamsalimu yeye, mama yake Songea, na "wote wanaomfahamu." Kisha akamweleza habari ya kadi kama alivyonieleza mimi, hakuongeza, hakupunguza. Dokta alisimama mbele ya kiti kitupu na mikono nyuma kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mwishoni aliomba glavu, akasoma kadi mwenyewe, mbele, nyuma, akaigeuza tena mbele. Akavua miwani.

Tukatoka nje, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Mimi nimeandika shahada ya uzamivu juu ya mlango ule," akasema. "Mlango ambao Kibua haingii. Kurasa mia tatu na arobaini. Unajua niliandika nini? Kwamba Mbelwa ana imani na msomaji." Akafuta miwani kwa khanga ya begani. "Lakini sheria iko pale pale. Na sheria si ya kijinga. Ilitungwa baada ya yule mwandishi ambaye barua za mkewe zilichanganywa, mke bado hai, anasikia siri zake zinatoka kwenye mdomo wa mume kwenye maonyesho. Umewahi kumfikiria mke yule?"

"Nimemfikiria."

"Wakija wakaguzi wakakuta kivuli kichafu hawafungi kibanda kimoja. Wanafunga ukumbi. Tisa wote wanazimwa. Miaka minane ya watu. Niambie niwapotezeje watu wote hao kwa ajili ya kadi moja."

"Sheria inataka ruhusa, Dokta. Sawa?"

"Inataka ruhusa."

"Basi tuombe ruhusa."

"Kwa nani? Watu elfu tatu na mia nane wa mwaka 1984, wamejiita Kanzu Mbili na Macho ya Bundi! Utawapata wapi, kwenye daftari la wapiga kura?"

"Watu hawa walitafutana namna gani wakati ule? Hawakuwa na anwani, hawakuwa na simu. Walikuwa wanaitana redioni, na anayeitwa alikuwa anasikia, kama hakusikia yeye alisikia jirani. Redio bado ipo. Jumamosi si inatangaza ufunguzi moja kwa moja? Tuwaite. Leo kumi, kesho kumi. Kila jina tunalosoma tunasema: wewe au mtoto wako au mjukuu wako, kadi yako iko hapa, njoo uione. Anayekataa, tunaitoa kadi yake, hata kama Perusi atapungukiwa. Anayekubali, anaandikwa kwenye kibao."

"Kumi kwa siku ni zaidi ya mwaka."

"Mkataba wangu ni wa miaka miwili. Kama upo bado."

Alinitazama. Naona mambo kwa haraka, ndiyo faida pekee ya kukaa dukani, na niliona kona ya mdomo wake ikitetereka.

"Na kabla hawajajibu? Leo mpaka hapo, ni kosa au si kosa?"

"Ni kosa," nikasema. "Langu. Lakini tukiosha tunakuwa tumeficha makosa mawili, langu na lake. Yeye amekaa na la kwake miaka sitini na saba, hata kufa hakukumsaidia."

Dokta alivaa miwani. Akatazama ghala lake lililopakwa rangi, bango la ufunguzi, watu wanaopanga viti.

"Nitawaandikia wakaguzi leo, kabla hawajaja," akasema. "Nitaeleza kila kitu, na mpango wako, na jina lako herufi kubwa. Nikiitwa kujieleza tunakwenda wawili, na wewe ndiye utakayebeba kasha."

"Sawa, Dokta."

"Na kile kibao kitolewe. Mwisho wazi! Mia tatu na arobaini, Mwasongwe." Sasa alikuwa anacheka kweli, kile kicheko cha mtu aliyeangukia kitako sokoni. "Mia tatu na arobaini!"

*

Kibao kipya tuliandika wenyewe kwa rangi, muda wa kuchonga haukuwepo. *Perusi Mbelwa, 1946–2011. Alikuwa anajibu kadi.* Chini tukaacha nafasi kubwa tupu ya majina.

Wakaguzi walijibu Ijumaa, mstari mmoja: wanatupa siku tisini, watakuja kuona nani amejitokeza. Haikuwa ndiyo. Lakini mimi nimezoea majibu ya serikali, na ule ulikuwa karibu kabisa na ndiyo.

Jumamosi watu walijaa. Mnyeke aliwatangazia wageni kwamba yeye hajawahi kuandika kitabu, wakapiga makofi. Bi Federika aliulizwa vita vina harufu gani akasema ya vitunguu vilivyoungua, na mzee mmoja mstari wa mbele, aliyekuwa na medali, akatikisa kichwa kukubali. Kila kivuli kilisema alichokileta, vizuri, kwa kifupi, na nilisikia fahari, maana wale tisa nao niliwaamsha mimi, na wale niliwalisha upande mmoja.

Zamu ya kumi, Dokta Leokadia alishika kipaza sauti, akaeleza kosa bila kulipaka sukari. Aliposema "fundi wetu" watu wakageuka kunitafuta. Nikainua mkono, ule ule wa kulia.

"Bibi Perusi," Dokta akasema, "sasa uko hewani."

Taa ikawaka. Nilitegemea ataanza na Mzee Kanzu Mbili, na kusema kweli nilikuwa nimejiandaa kucheka ili watu wacheke. Hakuanza naye.

"Hamjambo," akasema. "Naitwa Perusi. Nilikuwa karani wa kadi. Kuna kadi moja ilifika mezani kwangu Alhamisi moja mwaka themanini na nne, na sikuifikisha. Niliiandikia hadithi nyuma, mkaipenda, na mwenyewe hakusikia salamu yake. Leo naifikisha. Nimechelewa. Naomba mtu mwenye redio aongeze sauti."

Nje, kwenye viduka vya barabarani, nilisikia mtu akiongeza. Halafu mwingine, mbele zaidi. Sauti yake ikawa inatoka kibandani na kurudi kutoka mtaani, imechelewa kidogo.

"Sikudhani Mkwizu wa Mombo anamsalimu ndugu mmoja tu. Mdogo wake, Hizza Mkwizu. Ujumbe: Hizza, baiskeli imepatikana. Ilichukuliwa na fundi kimakosa. Mama hana neno na wewe. Rudi nyumbani."

Aliposema baiskeli hakuna aliyecheka. Yule mzee wa medali alivua kofia. Dokta alikuwa ameshika ukingo wa kibanda, na kwenye meza yangu simu tatu tulizozitenga kwa ajili ya wapigaji zilikuwa zimelala kimya, na namba zake zilikuwa zimeshatajwa hewani mara mbili. Nilifanya hesabu kichwani. Kama Hizza alikuwa na miaka kumi na tisa wakati ule, leo ana themanini na sita. Watu wa themanini na sita wapo. Wanasikiliza redio kuliko sisi.

Aliyekuwa anaongeza viti nyuma aliacha. Watu wakawa wanatazama simu, kisha mlango, kisha simu.

Taa juu ya kile kiti kitupu haikupungua hata kidogo.

"Narudia," Perusi akasema. "Hizza Mkwizu. Kama uko hai, jibu."